Gitaa la umeme likiacha kuimba

Wasomaji wetu wa kwaya na vijana wa shule wametuuliza mara nyingi juu ya jambo moja, kila mmoja kwa maneno yake. Gitaa la umeme limenyamaza ghafula. Au linanguruma kama mzinga wa nyuki. Au sauti inakatikakatika katikati ya wimbo, na watu wote wanageuza shingo. Hapo fundi huitwa, naye huitazama amplifaya, hutikisa kichwa, hutaja bei. Je, kwaya ianze kukusanya fedha? Twajibu: ngojeni kwanza. Mara nyingi ugonjwa haumo ndani ya amplifaya hata kidogo, bali umo katika waya wa bei ndogo unaoiunganisha na gitaa, au katika tundu unamochomekwa waya huo. Mtu yeyote mwenye masikio na subira aweza kuutafuta mwenyewe. Liko jambo moja tu ambalo haliponywi kwa subira, nalo ni hatari ya kuuawa na umeme. Hilo tutalieleza kwa urefu mahali pake, wala msiliruke.

Ili mtu ajue mahali njia ilipokatika, sharti aijue njia yenyewe. Gitaa la kawaida huimba kwa tumbo lake la mbao. Gitaa la umeme halina haja ya tumbo: chini ya nyuzi zake zimewekwa sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara 5000 hata 10 000. Chombo hicho wapigaji hukiita pikapu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya ule. Ndivyo alivyobuni George Beauchamp huko California mwaka 1931, na ndivyo yafanyavyo kazi magitaa ya umeme mpaka leo. Ndiyo sababu pia nyuzi za nailoni hazitoi sauti yoyote juu ya pikapu ya namna hiyo, maana sumaku haina habari na nailoni. Twamjua kijana aliyeilaumu amplifaya juma zima, kumbe alikuwa amefunga nyuzi alizopewa na rafiki yake, nyuzi za gitaa jingine.

Umeme huo mdogo, ambao mara nyingi haufiki hata volti moja, hupita katika kifundo cha sauti na kifundo cha toni, hufika kwenye tundu la jeki, huingia katika waya, husafiri mita tano au sita mpaka kwenye amplifaya. Huko ndiko unakoongezwa nguvu kabla ya kusukuma spika. Angalieni neno hili vema: amplifaya haichagui. Ikipokea wimbo, huukuza wimbo. Ikipokea mkwaruzo wa jeki iliyolegea au mngurumo wa transfoma iliyo karibu, huukuza vilevile. Kasoro ndogo mwanzoni mwa njia hutoka mwishoni kama radi.

Basi, kazi ya mwenye kutafuta ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, asibadili viwili pamoja. Wengi hushindwa hapa. Wanabadili waya, wanazungusha vifundo vyote, wanahamisha plagi, sauti inarudi, na hakuna ajuaye ni dawa ipi iliyoponya. Jumapili ijayo ugonjwa unarudi palepale. Ondoeni kwanza visanduku vyote vya kugeuza sauti vilivyo katikati, mchomeke gitaa moja kwa moja katika amplifaya. Sauti ikirudi, mkosaji yumo katika visanduku, na mara nyingi ni betri yake ya volti 9 iliyokwisha. Hapo inafaa kujua kwamba visanduku vingi, na magitaa yenye betri ndani yake, huanza kula betri pale jeki inapochomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Anayeacha waya umechomekwa usiku kucha huamka na betri tupu.

Kama sauti haikurudi, badilini waya. Azimeni mwingine unaojulikana kuwa mzima. Hili ndilo jaribio lenye faida kupita yote, nalo halina gharama. Ndani ya waya wa gitaa mna njia mbili: uzi wa katikati unaochukua sauti, na wavu wa shaba unaouzunguka kama nguo, ambao huzuia kelele za nje zisiingie. Uzi wa katikati ukikatika, gitaa hunyamaza kabisa. Wavu ukikatika, mngurumo mkubwa hutokea, na pengine hata redio husikika katika spika, kwa kuwa waya umegeuka kuwa antena. Karibu siku zote waya hukatika pale unapoingia katika jeki, maana ndipo watu wanapouvuta na kuukunja. Shikeni mahali hapo, mkatikise polepole huku mwenzenu akipiga uzi mmoja. Mkisikia sauti inakuja na kwenda, mmekwisha kupata. Waya haufai kutupwa kwa ajili hiyo. Kateni vidole vitatu au vinne kutoka mwisho wake, mkalehemu jeki upya kwa risasi, na waya utafanya kazi miaka mingine. Jeki zilizofungwa kwa mpira usiofunguka haziwezi kutengenezwa hivyo. Mkienda kununua, chagueni zile zinazofunguka kwa kuzungushwa. Wala msinunue waya mrefu kwa fahari, kwa sababu urefu mkubwa hula sauti nyembamba za juu, na gitaa huimba kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Baada ya waya, litazameni tundu la jeki katika gitaa. Nati yake hulegea kwa kuchomoa na kuchomeka. Kijana huikaza kwa nguvu, na tundu zima linazunguka pamoja nayo. Ndani, nyaya zinajisokota mpaka zinakatika. Lishikeni tundu lisizunguke, ndipo mkaze. Ndani yake mna ulimi wa chuma unaoishika ncha ya jeki. Ukichoka, ukunjeni kidogo kwa kidole kuelekea ndani. Na kama sauti hukwaruza pale tu mnapozungusha kifundo, mjue kwamba vumbi limeingia ndani yake. Dukani kuna dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kusafisha viungo vya umeme. Pulizeni kidogo katika upenyo wake, kisha mkizungushe kifundo mara ishirini kutoka mwanzo hadi mwisho. Msitie mafuta ya kula wala ya cherehani. Yataganda na kuvuta vumbi jingine.

Sasa twafika kwenye mngurumo, ambao ndio unaosumbua watu zaidi. Mngurumo si mmoja, na hauna dawa moja. Shusheni kifundo cha sauti cha gitaa mpaka sifuri. Kama mngurumo unakoma, unatoka katika gitaa. Kama unaendelea, chomoeni waya kutoka amplifaya. Ukiendelea hata hapo, basi kweli amplifaya ni mgonjwa, na katika amplifaya za zamani kisa chake mara nyingi ni kapasita kubwa za kusafisha umeme ambazo zimezeeka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Lakini kama unatoka katika gitaa, geukeni mahali mliposimama. Pikapu yenye duara moja la waya hupokea sauti ya nyuzi, na hupokea pia umeme unaozurura hewani kutoka transfoma, taa ndefu za mirija, chaja za simu na mota. Mpigaji akijigeuza kidogo, mngurumo hupungua. Akisogea mbali na amplifaya mita mbili, hupungua tena. Huo si ugonjwa bali ni tabia ya pikapu hiyo. Mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa mhandisi wa Gibson mjini Kalamazoo, alibuni pikapu ya maduara mawili yaliyozungushwa kinyume, hata kelele zikiingia huuana zenyewe kwa zenyewe na wimbo hubaki. Mwenye kanisa lililojaa taa za mirija na asipende kuhangaika, na atafute gitaa lenye pikapu za namna hiyo.

Kisha guseni nyuzi kwa mkono mzima. Mngurumo ukipungua mnapozigusa, gitaa ni zima. Ukiongezeka, au usipobadilika kamwe, yawezekana waya mdogo unaopita chini ya daraja la nyuzi umekatika, au nyaya mbili za tundu la jeki zimebadilishana mahali. Mwenye chuma cha kulehemu na mkono mtulivu aweza kurekebisha.

Hebu tusimame hapa kidogo. Kwa nini mkono wa mtu ukinyamazisha nyuzi huunyamazisha mngurumo? Kwa sababu nyuzi zimeungwa, kwa waya ule wa chini ya daraja, na wavu wa shaba; wavu umeungwa na sanduku la chuma la amplifaya; na sanduku limeungwa, au lingepaswa kuungwa, na ardhi kwa waya wa rangi ya kijani na manjano ulio katika plagi yake. Maana yake, mpigaji ameshika kwa mikono yake miwili chuma cha amplifaya. Kama ndani ya amplifaya waya wa umeme wa ukutani umegusa sanduku, na waya wa ardhi upo, umeme hukimbilia ardhini, fyuzi hukatika, na mtu hapati neno. Kama waya wa ardhi haupo, nyuzi za gitaa zinabeba volti 220, nazo zinamngoja mpigaji aguse chuma kingine. Chuma hicho kwa kawaida ni maikrofoni, nacho hukigusa kwa midomo.

Haya si hadithi za kutisha watoto. Mwezi wa Mei 1972, mjini Swansea katika Wales, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alishika maikrofoni isiyofungwa ardhini vizuri huku ameshika gitaa. Aliuawa mbele ya wasikilizaji wake. Alikuwa na miaka 27. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lisilokuwa na waya wa ardhi wa kufaa. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, katika nchi yenye mafundi wengi.

Nasi hapa twafanya nini? Plagi ya amplifaya ina njia ya ardhi, ukuta una matundu mawili tu. Mtu anaivunja, au anaichomeka katika plagi ya katikati isiyo na ardhi. Mbaya zaidi, wengine hukata waya wa ardhi kwa makusudi, kwa kuwa wameona kwamba ukikatwa mngurumo fulani hukoma. Ni kweli hukoma. Sababu yake ni hii: vyombo viwili, tuseme amplifaya ya gitaa na mashine ya maikrofoni, vimeunganishwa kwa waya wa sauti, na kila kimoja kimechukua ardhi yake katika ukuta wa mbali na mwenzake. Hapo umeme mdogo huzunguka kati ya ardhi hizo mbili, nao husikika. Dawa yake ni kuvilisha vyombo vyote kutoka tundu moja la ukutani lenye ardhi, kwa waya mmoja wa kugawa. Na isipotosha, kuna kisanduku chenye transfoma ndogo kinachowekwa kwenye njia ya sauti na kuzitenganisha. Waya wa ardhi uacheni palepale. Kwaya inayonguruma ni afadhali kuliko kwaya inayomzika mpigaji wake.

Tena tundu lenye alama ya ardhi si uthibitisho. Katika nyumba nyingi za zamani, na hata katika nyingine mpya, nyuma ya chuma kile hakuna waya wowote. Baba wa familia au kiongozi wa kwaya na amwite mtu wa umeme mara moja tu, apime, apigilie fimbo ya ardhi kama haipo, na afunge kikatio cha umeme kinachoshtuka kwa miliampea 30. Fedha hizo hazipotei kama zile za kufungulia amplifaya nzima. Mkihisi mchomo mdogo midomoni au vidoleni wakati wa kupiga, hata kama ni wa kufurahisha vijana, acheni papo hapo, mzime umeme. Bisibisi ya kupimia ikiwaka juu ya nyuzi au maikrofoni, hatari ipo; isipowaka, msiihesabu kuwa dhamana. Msipige pekupeku juu ya saruji yenye maji baada ya mvua. Na mtu akinaswa, asishikwe mpaka umeme umezimwa, la sivyo watakuwa wawili.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi. Umeme wenyewe huenda ukawa mkosaji: jenereta dogo likilemewa, volti hushuka, na amplifaya hutoa sauti dhaifu iliyochafuka, ijapokuwa haina kosa. Inveta za bei ndogo za mitambo ya jua hutoa umeme wenye pembe kali, nao husikika kama nzi katika spika. Zimeni taa na friji, jaribuni tena. Wanaoletewa amplifaya na ndugu walioko Marekani wasome kwanza kibao cha nyuma. Ile iliyotengenezwa kwa volti 120 tu, ikichomekwa katika 220, hufa mara moja, na pengine kwa moshi. Ni lazima ipitie transfoma ya kushusha.

Sauti ikikwaruza hata pole pole, tazameni kama karatasi ya spika imepasuka, au kama pikapu imepandishwa karibu mno na nyuzi. Lakini hapa tuseme kwa haki: si kila mkwaruzo ni ugonjwa. Kinshasa Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa kundi la Konono No 1, alitoa sumaku katika vipuri vya magari akajitengenezea maikrofoni za likembe, ili sauti yake ishinde kelele za mji. Likembe ikatoka imekwaruzika kama chuma kinachosuguliwa, na katika miaka ya 2000 watu wa Ulaya na Marekani walinunua santuri zake kwa ajili ya mkwaruzo uleule. Kanisani, hata hivyo, maneno ya zaburi yafaa yasikike.

Mluzi mkali ni jambo jingine: sauti ya spika inarudi katika gitaa au maikrofoni, inakuzwa, inarudi tena, bila mwisho. Haihitaji fundi. Spika iwe mbele ya waimbaji, isiwatazame, kifundo kishushwe, kila mtu asogee.

Na kama mmefuata yote haya na amplifaya bado ni bubu? Kama ina matundu mawili nyuma ya kupeleka na kurudisha sauti ya visanduku, unganisheni moja na jingine kwa waya mfupi. Sauti ikirudi, kiungo cha tundu kimeshika kutu, nacho chahitaji kusafishwa tu. Tazameni fyuzi. Iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile. Karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuiwashia moto nyumba. Ikikatika tena mara moja, msiweke ya tatu. Sanduku lenyewe msilifungue: kapasita za amplifaya ya valvu hushika mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi. Wala amplifaya hiyo ya valvu isiwashwe kamwe bila spika yake, maana transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Mwishowe mkimwendea fundi, msimwambie tu kwamba imekufa. Mwambieni: tumebadili gitaa, tumebadili waya, mngurumo unabaki hata waya ukichomolewa, fyuzi ni nzima. Apewe na waya wa spika uliokuwa ukitumika, kwa sababu wengine hutumia waya mwembamba wa gitaa mahali pa ule mnene wa spika. Hupata moto, na safari hiyo fundi atakuwa na kazi ya kweli ya kutoza fedha.